Volti 12 Nazo Huunguza: Fyuzi ya Kielektroniki katika Vibanda vya Mpakani



Usiku mmoja wa kiangazi, kibanda cha kuchajia simu kiliteketea katika kituo kimoja cha biashara kilicho hatua chache kutoka mpakani. Askari wa doria walipofika, majirani walikuwa wamekwisha kuuzima moto kwa ndoo za maji na mchanga, lakini hatari nyingine ilikuwa imezuka. Vijana kadhaa walikuwa wamekusanyika wakitaka kuvuka kwenda kumtafuta mfanyabiashara wa upande wa pili, ambaye jioni ile alikuwa amegombana na mwenye kibanda kwa sababu ya deni. Hakuna aliyemwona akiwasha moto. Ugomvi peke yake ulitosha kuwa ushahidi.

Asubuhi maafisa wetu wa zimamoto walikagua majivu. Hawakukuta harufu wala dalili ya petroli. Walichokikuta ni kishikio cha fyuzi kando ya betri, na ndani yake, mahali pa fyuzi, kipande cha waya wa shaba kilichosokotwa kwa koleo. Waya uliotoka pale kwenda kwenye ubao wa chaja ulikuwa umeyeyuka ngozi yake ya plastiki kwa urefu wote, hata katika sehemu iliyopita chini ya jiwe ambako ndimi za moto hazikufika. Waya unaounguzwa na moto wa nje huanza kuharibika juu. Unaopashwa na mkondo wake wenyewe hulegea kutoka ndani, plastiki ikaachana na shaba. Yule mfanyabiashara alikuwa amelala kwake tangu saa tatu.

Hapa Uganda wazima moto ni sehemu ya Jeshi la Polisi. Kwa jirani zetu wa Kenya kazi hiyo iko chini ya serikali za kaunti, na Tanzania wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linalojitegemea. Kwetu sisi, basi, swali la nani kachoma na swali la nini kimechoma hufika katika ofisi moja, na ndiyo sababu jarida la polisi linathubutu kuzungumzia habari za fyuzi. Nakiri kwamba mimi si fundi umeme. Haya nimefundishwa na maafisa wa zimamoto pamoja na fundi mmoja mwenye subira, na nilikosea hesabu mara mbili kabla ya kuielewa.

Tuanze na kosa lililoenea. Watu wengi huogopa umeme wa gridi wa volti 240, na wana haki, kwa maana unaua kwa mguso. Umeme wa betri wa volti 12 haumtetemeshi mtu aliyeugusa kwa mkono mkavu, hivyo huaminika kuwa hauna madhara. Lakini kinachomtetemesha mtu si hicho kinachowasha moto. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita. Na ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, ambazo ni kipimo cha nguvu inayotumika, yaani joto linaloweza kuzaliwa. Betri ya gari au ya sola yenye ukubwa wa ampea-saa 100 inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na mara nyingi zaidi ya 1,000, endapo ncha zake mbili zitaunganishwa na chuma. Fundi gari yeyote aliyewahi kuangusha spana juu ya betri anaweza kukuonyesha kovu kwenye spana hiyo.

Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule unaouzwa madukani kwa jina la “moja nukta tano”, ukauvuta mita 5 kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Kwenda na kurudi ni mita 10, na ukinzani wake ni takriban omu 0.12. Panya akiutafuna mwishoni, waya chanya ukagusa hasi, tunapata kile ambacho mafundi hukiita shoti. Volti 12 ukizigawa kwa omu 0.12 ni ampea 100, nazo ni wati zipatazo 1,200. Hiyo ni nguvu ya pasi ya umeme, imetandazwa ndani ya waya uliopigiliwa kwenye mbao na kupitishwa chini ya paa la nyasi. Plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za Selsiasi. Haidumu hata dakika.

Fyuzi iligunduliwa kwa ajili ya jambo hilo. Ni kipande cha madini kinachoyeyuka kabla waya haujayeyuka. Kwa shoti kubwa kama hiyo niliyoieleza, fyuzi ya ampea 10 hukatika kwa kufumba na kufumbua, na hatuna neno nayo. Udhaifu wake uko penye mkondo uliozidi kidogo. Fyuzi bapa za magari, zile za rangi rangi, hutengenezwa kwa viwango vinavyoruhusu mkondo uliozidi kwa asilimia 35 kuendelea kupita hata sekunde 600, yaani dakika 10, kabla ya kukatika. Ukizidi mara mbili, bado zinaruhusiwa kusubiri hadi sekunde 5.

Na kuna hali nyingine mbaya zaidi ambayo, naamini, wengi wetu tunaishi nayo bila kujua. Mtu ana betri dukani na anataka taa kwenye choo au zizi lililo mita 20 kutoka hapo. Ananunua waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, wa spika, kwa kuwa ni rahisi. Kwenda na kurudi ni mita 40, na ukinzani wake unakaribia omu 1.5. Shoti ikitokea mwishoni mwa waya huo, mkondo ni ampea 8 tu. Fyuzi ya ampea 10 inauona mkondo huo kuwa ni halali! Haikatiki kamwe. Wati 96 zinaendelea kuupasha waya, na betri ya ampea-saa 100 iliyojaa inaweza kuendeleza hali hiyo saa 12, yaani usiku kucha. Sehemu ya waya iliyozidi, ambayo mwenye nyumba aliizungusha kama kamba na kuitundika ukutani, ndiyo itakayoyeyuka kwanza, kwa sababu joto lake halina pa kutokea. Na kama kule mwishoni waya hazikugusana barabara bali zinagusana nusu nusu, pale penye mguso panaweza kupata wati 24. Hizo ni sawa na pasi ndogo ya kulehemu redio, imewekwa juu ya nyasi kavu.

Sasa turudi kwenye kishikio kile chenye waya wa shaba. Mwenye kibanda hakuwa mjinga wala mzembe kuliko wengine. Fyuzi yake ilikatika saa mbili usiku, duka la vifaa limefungwa, simu za wateja kumi na mmoja ziko mezani na wenyewe wanazihitaji alfajiri ili wavuke na mizigo. Alifanya ambalo wengi wangefanya. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 unahitaji takriban ampea 80 ili uyeyuke. Kwa maneno mengine, alibadilisha mlinzi wa ampea 10 kwa mlinzi wa ampea 80 na kwenda kulala. Tangu nielewe hesabu hii nimeacha kuwakaripia watu katika mikutano ya polisi jamii. Kifaa cha usalama kinachomlazimisha mtu maskini kwenda dukani usiku kina kasoro ndani yake, na ndipo ninapoiona thamani ya fyuzi ya kielektroniki.

Fyuzi ya kielektroniki haina kipande cha kuyeyuka. Ndani yake kuna transista inayofanya kazi ya swichi, na kando yake sakiti ndogo inayopima mkondo muda wote. Fundi huchagua kikomo kwa kuweka rezista moja yenye thamani inayotakiwa. Mkondo ukivuka kikomo, sakiti huizuia au huifunga transista; katika shoti kamili kazi hiyo huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, hata waya haupati nafasi ya kuwa vuguvugu. Kosa likiondolewa, mtu anabonyeza kitufe, na umeme unarudi. Hakuna cha kununua, na hakuna kishikio kinachoalika waya wa shaba.

Kikomo kiwe kipi? Hapa kuna kipimo kizuri kutoka katika kiwango cha kimataifa IEC 62368-1, kinachohusu usalama wa vifaa vya sauti, picha na mawasiliano. Kiwango hicho kinagawa vyanzo vya umeme katika makundi matatu kwa kuangalia nguvu vinavyoweza kutoa kosa likitokea. Kundi la kwanza halizidi wati 15 baada ya sekunde 3, na huhesabiwa kuwa halina nguvu ya kutosha kuwasha moto katika hali ya kawaida. La pili halizidi wati 100 baada ya sekunde 5. Linaweza kuwasha, lakini moto wake unazuilika kwa kutumia vifaa na makasha yanayofaa. La tatu ni lote lililobaki juu ya hapo. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya vifaa, si kwa nyaya za majengo, ila namba zake zinatufaa kama rula.

Nitumie kibanda chetu kuwa mfano. Badala ya kutoa waya mmoja mnene unaolisha kila kitu, fundi anagawa umeme katika matawi, na kila tawi linapata fyuzi yake ya kielektroniki. Tawi la taa linalopita darini liwe katika kundi la wati 15. Mtu atasema wati 15 kugawa kwa volti 12 ni ampea 1.25, basi tuweke hapo. Hapana. Betri inapochajiwa na sola mchana hufika volti 14.8, na ni lazima hesabu ifanywe kwa volti ya juu kabisa. Wati 15 kugawa kwa 14.8 ni ampea 1.01. Tena fyuzi yenyewe si sahihi kabisa. Tuseme inaweza kukosea kwa asilimia 10. Kwa hiyo fundi anaweka kikomo cha ampea 0.9. Ikikosea kwenda juu inafika 0.99, na 0.99 mara 14.8 ni wati 14.7. Tumebaki ndani. Je, kinatosha? Betri ikiwa na volti 12, ampea 0.9 ni wati 10.8, na taa tatu za LED za wati 3 kila moja zinahitaji 9. Zinawaka bila shida.

Ubao wa chaja unahitaji zaidi. Simu kumi kwa wati 5 ni wati 50, na ukijumlisha hasara ndani ya chaja unafika kama 60, yaani ampea 5. Tawi hili haliwezi kuwa la wati 15, basi liwe chini ya 100. Kikomo cha ampea 6, kikikosea kwa asilimia 10, ni 6.6; mara 14.8 ni wati 97.7. Kwa kuwa liko katika kundi la pili, chaja zake zikae kwenye bati au ubao usioshika moto upesi, wala lisipitishwe penye nyasi, na waya wake uwe 1.5 bila kupungua. Redio inaweza kupata tawi lake la ampea 2.

Kuna mambo ambayo fundi asipoyajua atailaumu fyuzi bure. Chaja na redio zina kapasita ndani ambazo, swichi inapowashwa, hunywa mkondo mwingi kwa kitambo kidogo. Fyuzi ya kielektroniki isiyowekewa mwanzo wa polepole itajifunga kila mara ukiwasha, na mwenye kibanda atairuka kwa waya, tukarudi tulikotoka. Vifaa vingi vya aina hii vina mahali pa kuunganisha kapasita ndogo inayoamua volti ipande kwa kasi gani, itumike. Vilevile, fyuzi inapobana mkondo bila kuukata, transista yenyewe ndiyo inayobeba joto lote. Ampea 0.9 kwa volti 12 ni karibu wati 11 katika kitu kisichozidi ukucha, na haiwezi kuzivumilia muda mrefu. Kwa sababu hiyo huwa na kinga ya kujizima inapopata joto kali. Aidha, fyuzi nyingi zenye transista moja hazizuii mkondo unaokwenda kinyume. Anayebadilisha chanya na hasi wakati wa kufunga betri hawezi kutegemea zimwokoe.

Kisha kuna uchaguzi kati ya fyuzi inayojaribu kuwasha tena yenyewe kila baada ya muda mfupi na ile inayobaki imefungwa hadi ibonyezwe. Kwa nyumba ya nyasi na kibanda cha mbao ninapendekeza ya pili, kwa maana kila jaribio la kuwasha ni cheche nyingine mahali pasipoonekana, na mtu analazimika kutafuta kosa kabla ya kubonyeza. Kwa taa ya chumba cha kujifungulia katika zahanati nisingesema hivyo. Huko giza nalo ni hatari.

Je, fyuzi ya zamani itupwe? Isitupwe. Transista inapokufa, mara nyingi hufa ikiwa wazi, ikipitisha mkondo bila kizuizi, na hakuna taa wala sauti inayokujulisha. Zaidi ya hayo, kipande cha waya kati ya betri na sanduku la fyuzi za kielektroniki hakilindwi nazo hata kidogo. Kwa hiyo fyuzi bapa ya ampea 15 ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, waya wa kuelekea kwenye sanduku uwe mnene, wa milimita za mraba 4, na mfupi kadiri iwezekanavyo. Fyuzi hii ikiwa inafuatwa na matawi yenye vikomo, haitakatika kwa makosa madogo ya kila siku, na ikikatika ujue kuna jambo kubwa. Weka za akiba mbili ndani ya sanduku. Inveta ya mashine ya kunyolea haiwezi kuingia katika mpango huu, kwani ya wati 300 hunywa ampea 25 na zaidi. Iwe na waya wake mnene, fyuzi yake, na ikae kando ya betri.

Wengine wataniambia kwamba kidhibiti chaji chao cha sola tayari kina kinga. Ni kweli, vingi vinayo, ila kinga ya kidhibiti cha ampea 20 imewekwa ili kukilinda kidhibiti chenyewe. Ampea 20 ni wati 240, na waya wako wa 0.5 kuelekea zizini hauhusiki. Kuhusu masanduku ya sola yanayolipiwa kidogo kidogo, mengi yana ulinzi wa kielektroniki ndani yake kwa kila tundu. Wapo vijana wanaozunguka sokoni wakiahidi kuyafungua na kuunganisha betri moja kwa moja ili malipo yakwepwe. Tukiacha kwamba hilo ni kosa la jinai, anayefanyiwa hivyo anaondolewa mlinzi pamoja na kufuli.

Asiyeweza kupata fyuzi za kielektroniki leo asikae bure. Aweke fyuzi ndogo ya kawaida katika kila tawi, ya ampea 1 au 2 kwa taa, na aachane na waya mwembamba wa mbali. Bidhaa zinazovuka hapa mpakani ni nyingi na nyingine hazina mwenyewe. Tazama alama ya ubora ya UNBS, ya KEBS au ya TBS kabla ya kulipa, na fyuzi isiyoonyesha ampea zake irudishe kwa muuzaji.

Fundi akimaliza kazi, usimlipe kabla ya jaribio moja. Mwombe aondoe vifaa, kisha agusanishe kwa makusudi waya chanya na hasi kwenye ncha ya mbali kabisa ya kila tawi, wewe ukiwa umesimama hapo. Jaribio lifanywe na yeye, si wewe, na lisifanywe karibu na betri penyewe. Umeme ukatike papo hapo, tawi lile tu, na mengine yaendelee kuwaka. Abonyeze kitufe, urudi. Tawi likikataa kukatika, hapo ndipo usiku ule ulipoanzia.

Na moto ukitokea licha ya yote haya, mkishawaokoa watu na kuuzima, tafadhali msiisogeze betri, wala msichukue shaba iliyobaki kwenda kuuza. Kishikio cha fyuzi na mita moja ya waya iliyounganishwa nacho vinaweza kumtoa jirani katika tuhuma nzito. Mahali ambapo kituo cha polisi kiko mbali, mwenyekiti wa LC1 azungushie eneo kamba, aandike majina ya waliofika wa kwanza, na aweke mtu wa kulinda hadi wakaguzi wafike.